Mlipuko kwenye kabureta, mlipuko kwenye ekzosi: namna ya kutafuta tatizo la moto katika magari ya zamani

Mtu anayemiliki Peugeot 504, Land Rover Series, Datsun 1200 au Volkswagen Beetle hukutana, mapema au baadaye, na gari linalopiga mlipuko. Mara nyingi hatua ya kwanza inayochukuliwa ni kufungua kabureta, kuisafisha, kubadilisha jeti, na gari lisipopona, kununua kabureta nyingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa nyingi za wapenzi wa magari haya zinapopotea, kwa sababu mlipuko wenyewe umekwisha kutoa ushahidi ambao hakuna aliyeusikiliza: umepiga wapi, na injini ilikuwa katika hali gani ulipopiga. Maswali hayo mawili yakijibiwa kwa uangalifu kabla ya kushika spana, vitu vya kushukiwa hubaki vichache sana.

Mlipuko wa kwenye kabureta una maana kwamba moto umerudi kupitia vali ya kuingizia ikiwa bado wazi, ukawasha mchanganyiko wa hewa na petroli uliokuwa ukisubiri kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoupeleka kutoka kabureta hadi kwenye silinda. Mlipuko wa kwenye ekzosi una maana kwamba petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda imefika kwenye bomba la moshi, ikakuta joto na hewa, ikaungulia huko. Kwa hiyo katika hali ya kwanza tunatafuta kilichowasha moto kabla vali haijafunga, au kilichoufanya moto wa mzunguko uliopita uendelee kuwaka hadi vali ilipofunguka tena. Katika hali ya pili tunatafuta silinda iliyokosa cheche, au iliyopata cheche ikiwa imechelewa.

Ili ushahidi huo usomeke, ni lazima kuelewa cheche inavyozaliwa. Magari mengi yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 hutumia mfumo uliotokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering, ulioanza kutumika katika magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910. Umeme wa betri hupita kwenye waya mnene wa koili, kisha kwenye pointi, yaani swichi ndogo iliyo ndani ya distribyuta (chombo kinachogawa cheche kwa silinda), kisha hurudi kwenye betri kupitia bodi. Pointi zikiwa zimefungana, koili hujijaza sumaku. Kamu ya distribyuta, yaani kitovu chenye pembe kinachozunguka, inapozifungua, sumaku hiyo huporomoka ghafla na kuzusha volti 10,000 na zaidi kwenye waya wa pili wa koili, ambao ni mwembamba na wenye mizunguko mingi. Rota hupokea umeme huo na kuugawa kwa kila plagi kwa zamu yake. Kondensa, ile kopo ndogo iliyofungwa kando ya pointi au ubavuni mwa distribyuta, hupokea umeme unaotaka kuruka kati ya pointi zinapoachana, ili sumaku iporomoke kwa kasi na nyuso za pointi zisiungue. Jambo la kushika hapa ni kwamba cheche hutokea pointi zinapofunguka, wala si zinapofungana, na kwamba kila kinachovuruga dakika ile ya kufunguka huvuruga nguvu ya cheche na wakati wake kwa pamoja.

Nafasi ya pointi ndiyo mahali pa kuanzia. Katika Beetle ni milimita 0.4, na katika Land Rover zenye distribyuta ya Lucas ni kati ya milimita 0.35 na 0.4. Kisigino cha pointi, kinachosuguana na kamu, huliwa polepole, na kadiri kinavyoliwa nafasi hupungua, pointi hufunguka kwa kuchelewa, na cheche huchelewa pamoja nazo. Ukiipanua nafasi, cheche huwahi. Ndiyo maana hakuna faida ya kupanga taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kabla ya kupima nafasi ya pointi, kwani atakayeigusa nafasi baadaye atakuwa ameivuruga taimingi bila kujua. Kisigino pia kinahitaji grisi kidogo, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Kikiachwa kikavu huliwa haraka, na gari lililokuwa zima huanza kupoteza nguvu, kupasha injini joto na kupiga kwenye ekzosi, huku mwenyewe akiapa kwamba pointi ni mpya.

Kipimo cha nafasi peke yake hakitoshi ikiwa shafti ya distribyuta imelegea. Shika rota na uisukume upande kwa upande: ukihisi mchezo ulio dhahiri, kila pembe ya kamu inafungua pointi kwa kiasi chake, na silinda moja inapata cheche mapema kuliko nyingine. Mwenye mita ya kupima pembe ambayo pointi hukaa zimefungana ataona namba ikiyumba kasi ya injini inapopanda. Tofauti inayozidi digrii 3 hivi ni dalili kwamba bushi za shafti zimekwisha, na hakuna pointi mpya itakayotibu hali hiyo.

Kondensa na koili zina tabia ya pamoja inayowachanganya watu wengi, nayo ni kuugua zikipata joto. Gari huwaka vizuri asubuhi, likasafiri nusu saa, kisha likaanza kukosa, likapiga kwenye ekzosi na kuzima. Likipoa linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Fundi anayelipima likiwa limepoa hataona kitu, kwa hiyo vipimo vifanywe wakati ule ule linaposumbua. Fungua kifuniko cha distribyuta ukiwa kivulini, mwenzako apige stata, na utazame pointi zinavyoachana. Cheche ndogo ya bluu kati ya nyuso zake ni ya kawaida. Cheche kubwa ya manjano inayomwagika ni kilio cha kondensa. Nyuso zenyewe nazo husema: upande mmoja ukiota kichuguu na mwingine ukichimbika kwa haraka, kondensa hailingani na mfumo. Kondensa ya zamani iliyotoka kwenye gari zima mara nyingi ni ya kuaminika zaidi kuliko mpya iliyofungwa kwenye pakiti yenye jina maarufu, kwa sababu soko la spea za magari haya limejaa nakala hafifu.

Kwa koili, hatari kubwa ni kufunga isiyo ya gari hilo. Koili iliyokusudiwa kufanya kazi bila kizuizi cha umeme nje yake huwa na ukinzani wa takriban omu 3 kwenye waya wa kwanza, na ile inayotegemea kizuizi huwa na takriban omu 1.5. Ukiifunga hii ya pili kwenye gari lisilo na kizuizi, cheche itakuwa kali kwa wiki chache za furaha, kisha pointi zitaungua na koili itachemka. Vilevile pande mbili za koili hazibadilishwi ovyo. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na upande chanya wa betri uliofungwa kwenye bodi. Nyingi zimegeuzwa baadaye ili zipokee redio au altaneta, na mara nyingi aliyegeuza betri aliisahau koili. Gari la namna hiyo huwaka na kutembea, lakini cheche hurukia upande usio rahisi, huhitaji volti zaidi, na injini hukosa inapopewa mzigo mlimani. Tiba yake ni kubadilishana nyaya mbili ndogo za koili, kazi ya dakika moja.

Ndani ya distribyuta kuna kitu kingine ambacho ningependa kila mwenye gari la zamani akitazame kwa macho yake. Sahani inayobeba pointi haikai imara. Chombo cha vakyumu, kinachoendeshwa na mnyonyo wa hewa wa injini, huivuta na kuiachia kila unapokanyaga na kuachia mafuta, ili cheche iwahi au ichelewe kulingana na mzigo. Kwa kuwa inatembea, umeme wake wa kurudi kwenye bodi hupita kwenye waya mfupi uliosukwa kwa nyuzi nyembamba za shaba, urefu wake kama kiungo cha kidole, uliofungwa kwa skrubu upande mmoja kwenye sahani na upande mwingine kwenye ukuta wa distribyuta. Waya huu hupindwa maelfu ya mara kwa mwaka. Nyuzi zake hukatika moja moja, hadi zinabaki tatu au nne zinazogusana sahani ikiwa imetulia na kuachana sahani inapovutwa. Injini inanguruma vizuri kwenye sailensi, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Ukikanyaga mafuta, cheche inakatika, petroli inapita bila kuungua, kisha cheche inarudi na ekzosi inalipuka. Dalili hiyo inafanana kabisa na ya kabureta yenye pampu mbovu, na ndiyo maana kabureta nyingi zisizo na hatia zimefunguliwa. Kipimo chake ni kuchomoa mpira wa vakyumu na kuunyonya kwa mdomo huku injini ikizunguka. Sahani itatembea bila petroli kuongezeka. Injini ikikosa papo hapo, tatizo liko kwenye waya huo au kwenye ule unaoleta umeme wa koili kwenye pointi. Na kama unanyonya tu bila kukutana na ukinzani wowote, ngozi ya chombo cha vakyumu imetoboka.

Kifuniko, rota na nyaya za plagi huonekana kama vitu vya kawaida vya kubadilisha, ingawa ndivyo vinavyosababisha milipuko mikali zaidi ya kwenye kabureta. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa kwa mstari huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Silinda ya 3 inapopata cheche yake, silinda ya 4, ambayo ni jirani yake na ndiyo ya zamu inayofuata, iko chini kabisa ikianza kubana, na vali yake ya kuingizia bado haijafunga sawasawa. Ikiwa waya wa 3 na wa 4 zimelazwa sambamba zikigusana, au ndani ya kifuniko kuna njia ya kaboni kati ya vichwa vyake viwili, sehemu ya umeme itarukia silinda ya 4 wakati huo mbaya, na moto utatoka moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Hali ni hiyo hiyo kwa silinda ya 2 na ya 1. Njia ya kaboni si rahisi kuiona: ni mstari mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, wenye matawi madogo, na huonekana vizuri zaidi kifuniko kikigeuzwageuzwa kwenye jua baada ya kufutwa kwa kitambaa kikavu. Kuukwangua mstari huo hakusaidii kwa muda mrefu. Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, unyevu wenye chumvi huzalisha njia hizo haraka, na gari linalosumbua asubuhi za masika tu linastahili kukaguliwa hapo kabla ya mahali pengine popote. Fungua boneti usiku, mahali penye giza, injini ikiwa inazunguka: nyaya zinazovuja zitajionyesha kwa mwanga wa bluu. Usiziguse kwa mkono.

Baada ya hayo ndipo taimingi inapopimwa. Kwa testa ya volti 12 iliyofungwa kati ya bodi na upande wa koili unaokwenda kwenye pointi, taa huwaka pale pale pointi zinapofunguka, na alama ya puli iliyo mbele ya krenkishafti inapaswa kuwa mahali kitabu kinapotaka. Taa ya taimingi inayomulika hupima vizuri zaidi, kwa sababu huonyesha pia kama vizito vilivyo chini ya sahani vinaiwahisha cheche kasi inapopanda, au vimeshika kutu. Cheche iliyochelewa huacha mchanganyiko ukiwaka hadi vali ya kutolea inapofunguka, hivyo ekzosi hupata joto kali na kulipuka. Ikichelewa kupita kiasi, moto hubaki hadi vali ya kuingizia nayo inafunguka. Cheche iliyowahi mno hurudisha stata nyuma kwa kishindo wakati wa kuwasha. Hata hivyo, alama ya puli yenyewe inaweza kudanganya, kwani puli nyingi zina mpira kati ya kitovu na ukingo, na mpira ukichakaa ukingo huteleza. Thibitisha kilele cha pistoni kwa kuingiza kijiti kirefu, kisichoweza kukatikia ndani, kwenye tundu la plagi.

Peugeot ina mtego wake. 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978, na sifa hiyo ya uimara imezifanya zibaki mikononi mwa watu wengi Afrika Mashariki na kupita kwenye gereji nyingi. Lakini katika injini za silinda nne za magari hayo, silinda ya kwanza huhesabiwa kuanzia upande wa flaiwili (gurudumu zito la injini), yaani nyuma, na si upande wa rejeta. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani, akichukua waya unaotajwa na kitabu kuwa wa kwanza na kuupeleka silinda ya mbele, atakuwa ametoa cheche mzunguko mzima wa krenkishafti nje ya wakati wake, na gari halitawaka bali litatema moto kwenye kabureta kila stata inapopigwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu yeyote asichungulie kabureta wakati wa kuwasha, na kichujio cha hewa kisiachwe nje bila sababu, kwa kuwa ndicho kinachozuia mwali usifike kwenye boneti na kwenye mipira ya petroli. Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu, mlango wa gari ukiwa wazi.

Cheche ikithibitishwa kuwa na nguvu na kuwahi ipasavyo, sasa kabureta ina haki ya kusikilizwa. Mlipuko mmoja mfupi unaotokea unapokanyaga mafuta ghafla, na kutulia baada ya hapo, kwa kawaida ni upungufu wa petroli kwa muda mfupi: pampu ya kukanyagia ndani ya kabureta haitemi, na hilo huonekana kwa kuchungulia ndani injini ikiwa imezimwa huku ukivuta waya wa mafuta. Mchanganyiko wenye petroli kidogo huwaka polepole, na bado unakuwa unawaka vali ya kuingizia inapofunguka. Ndiyo maana hupiga kwenye kabureta na si kwenye ekzosi. Hewa inayoingia kwa wizi kupitia gasketi ya manifoldi au bushi ya shafti ya kabureta huleta matokeo yale yale. Nyunyiza maji yenye sabuni kwenye maungio hayo injini ikiwa kwenye sailensi. Mlio ukibadilika, umepapata.

Mwinuko nao hufanya kazi ambayo wengi huilaumu petroli ya kituo walichojazia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta ya zamani haina namna ya kujirekebisha. Gari lililopangwa jeti na skrubu Nairobi ili litulie vizuri huko, likishuka hadi pwani hukuta hewa nzito zaidi na kubaki na petroli pungufu, likaanza kukohoa kwenye kabureta kuanzia Voi kwenda mbele. Linalopanda kutoka pwani hupata kinyume chake: moshi mweusi, plagi zenye masizi, na silinda zinazokosa na kupiga kwenye ekzosi.

Mlipuko unaotokea unapoachia mafuta mteremkoni una maelezo tofauti na hauhusiani sana na cheche. Kabureta ikiwa imefungwa na magurudumu yakiizungusha injini, silinda huvuta mchanganyiko hafifu ambao mara nyingi hauwaki, nao hutoka nje ukiwa mzima. Mchanganyiko huo ukikuta ufa kwenye ekzosi au gasketi iliyoungua inayoingiza hewa safi karibu na kichwa cha injini, huwaka hapo kwa mfululizo wa mishindo midogo. Weusi wa masizi kwenye maungio ya ekzosi utakuonyesha mahali. Na injini inayoendelea kuzunguka kwa kujikokota baada ya kuzimwa si mlipuko wa aina hii hata kidogo. Husababishwa na vipande vya kaboni vyenye moto ndani ya silinda, au na sailensi iliyopandishwa kupita kiasi.

Yapo magari ambayo hupita vipimo vyote hivi na bado yanapiga. Hapo tatizo limo ndani, kwenye vali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia mjini Dakar mwaka 2001 kuondoa petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 iliondolewa karibu kote. Ilikuwa hatua njema kwa afya za watu, na hasa za watoto. Lakini risasi hiyo ilikuwa pia inazikinga nyuso za vali, na katika injini ambazo viti vya vali vimechongwa kwenye chuma laini cha kichwa chenyewe, vali ya kutolea huzama kidogo kidogo kwenye kiti chake gari likisukumwa kwa kasi kwa muda mrefu. Inavyozama, nafasi kati yake na roka, yaani mkono unaoisukuma ifunguke, hupungua hadi kwisha, vali inabaki wazi, na moto unavuja. Atakayepima nafasi za vali na kukuta moja imekuwa finyu tena na tena baada ya kupangwa amepata jibu lake. Geji ya vakyumu nayo husaidia sana: pwani, injini nzima iliyo kwenye sailensi huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, na Nairobi hupungukiwa inchi 5 au 6 kwa sababu ya mwinuko. Sindano iliyotulia lakini iko chini huashiria cheche iliyochelewa; sindano inayodondoka kwa mapigo yanayojirudia huashiria vali inayovuja.

La mwisho ni kamu iliyolika. Ikiwa pembe inayofungua vali ya kutolea imekuwa fupi, moshi wa silinda hiyo haupati njia ya kutosha, na vali ya kuingizia inapofunguka moshi huo wenye moto hurudi kwenye manifoldi, ukipiga kwenye kabureta kwa mdundo usiobadilika, silinda ile ile kila mara. Ondoa kifuniko cha roka, zungusha injini kwa mkono, na ulinganishe kila vali ya kutolea inashuka kiasi gani. Ile inayoshuka pungufu kuliko wenzake kwa milimita moja au zaidi inatosha kuamua kwamba injini ifunguliwe, na kwamba kabureta irudishwe mahali pake kama ilivyokuwa.